Marehemu baba aliacha sanduku la vitu vya anga: tuuze vipi bila kupunjwa?

Mpendwa mshauri,

Salaam kutoka Buruburu. Baba yetu alifariki mwaka jana. Enzi za ujana wake alifanya kazi katika kituo cha Waitaliano cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, karibu na Malindi. Tulipofungua sanduku lake la bati tulikuta vitu ambavyo hakuwahi kutueleza vizuri, na sasa vimezua mjadala nyumbani.

Kuna bahasha kumi na nne zenye mchoro wa roketi na muhuri wa posta wa Malindi, nyingi zikiwa za tarehe 12 Desemba 1970. Kuna picha ya rangi ya wale wanaanga watatu wa Apollo 11 wakiwa na suti nyeupe, nayo ina saini zote tatu. Mama anasema walitia saini walipozuru Nairobi baada ya kutoka mwezini. Kuna picha nyingine kubwa ya dunia nzima, nembo sita za kitambaa za safari za Apollo, kichupa cha vumbi la kijivu ambacho baba alikiandika kwa mkono kuwa ni vumbi la mwezini, na kipande kizito cha chuma chenye namba, alichokuwa akikiita "cha roketi". Chini kabisa kulikuwa na kitambulisho chake cha kazi, barua chache za Kiitaliano, na picha ndogo nyeusi na nyeupe za wafanyakazi juu ya jukwaa baharini.

Dalali mmoja wa mjini anasema picha ya saini ni ya shilingi milioni tatu, ila nimwachie aipeleke kwa mnunuzi wake. Mtu mwingine wa ng'ambo, aliyepata namba yangu kwa jamaa, anatoa Sh60,000 kwa vyote, nitume kwanza kisha alipe kwa M-Pesa vikimfikia. Kaka yangu anataka picha zilaminetiwe na kile chuma king'arishwe ili vipendeze. Zile barua anasema ni takataka.

Kipi ni cha kweli, kipi cha bandia, na tufanye nini?

Binti wa Malindi, Buruburu

JIBU

Dada, pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Usimwachie dalali kitu chochote, na usimtumie mnunuzi yule chochote. Mtu anayetaka vyote kwa bei moja, haraka, kabla hujaorodhesha ulichonacho, ameshaona kitu kimoja humo chenye thamani na anataka kukinunua kikiwa kimejificha kati ya vingine. Ukitaka kumjibu, mwonyeshe picha za mbele tu za vitu vichache, umwambie familia bado haijaamua. Kaka naye mwambie asitie mkono kabisa. Laminesheni hugandisha gundi kwa joto juu ya karatasi na haitoki tena bila kuharibu picha, na joto lile huweza kutawanya wino wa saini. Mashine ya saiba ya dakika mbili huigeuza picha ya maelfu ya shilingi kuwa pambo la ukutani. Chuma nacho kikisuguliwa kwa Brasso, mihuri midogo ya wino ya wakaguzi hufutika, na mihuri hiyo ndiyo inayokitofautisha na vyuma vingine vya karakana.

Na zile barua mnazoziita takataka, pamoja na kitambulisho na picha ndogo za jukwaani, ndizo ambazo ningezitoa kwanza ndani ya nyumba iwapo moto ungezuka. Soko la vitu vya anga limejaa saini za Apollo, na nyingi ni za kutiliwa shaka. Lakini karatasi za Mkenya aliyefanya kazi katika kituo cha Malindi, zikiwa na jina lake, sura yake na tarehe, hazipatikani kwa urahisi popote. Sanduku la mzee wenu lina uzito wake huko Ngomeni, na vitu vya Apollo mlivyokuta ndani yake ni nyongeza.

Kituo hicho kilijengwa kwa mpango wa Waitaliano ulioongozwa na Profesa Luigi Broglio, na Wamarekani walitoa roketi za Scout, zenye hatua nne na zinazotumia fueli kavu. Roketi zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco ndani ya ghuba, na jukwaa la Santa Rita lilikuwa la kuongozea. Setilaiti tisa tu zilirushwa hapo: San Marco 2 tarehe 26 Aprili 1967, Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, San Marco 3 Aprili 1971, Explorer 45 Novemba 1971, SAS-2 Novemba 1972, San Marco 4 Februari 1974, Ariel 5 ya Waingereza Oktoba 1974, SAS-3 Mei 1975, na ya mwisho, San Marco D/L, tarehe 25 Machi 1988. Iandike orodha hiyo uiweke kando ya bahasha zako. Bahasha yenye mchoro wa kurushwa kwa setilaiti Malindi katika tarehe isiyolingana nayo inahitaji maelezo. San Marco 1, kwa mfano, ilirushwa kutoka Wallops Island, Marekani, Desemba 1964. Ukiona inayodai kuwa yake na ina muhuri wa Malindi wa siku hiyo, iweke pembeni.

Bahasha zenu za 12 Desemba 1970 ni za Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina hilo kwa heshima ya wenyeji wake Wakenya, kwa kuwa ilirushwa sikukuu ya uhuru wetu. Takwimu zake zilisaidia kuonyesha kuwa Cygnus X-1, chanzo kimoja cha miale hiyo, huenda ni shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Kwa hiyo wanaoitafuta bahasha ya siku hiyo ni wengi: wakusanyaji wa stempu, wapenzi wa astronomia, Waitaliano, na Wakenya wanaojua historia yao.

Zikague hivi. Chukua lenzi ya sonara inayokuza mara kumi. Anza na stempu. Siku zile Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la posta, kwa hiyo stempu za matukio maalumu ziliandikwa majina ya nchi zote tatu, huku stempu za kawaida za Kenya pekee zikiwa za wanyama, toleo la 1966. Stempu za makombe ya baharini zilitoka mwishoni mwa 1971. Kombe likiwa chini ya muhuri wa 1970, bahasha hiyo ilitengenezwa baadaye. Kisha tazama muhuri: wino lazima upite juu ya stempu na kuendelea kwenye karatasi bila kukatika wala kubadilika rangi. Ukikatika pembeni ya stempu, huenda stempu ilibandikwa baadaye. Siku ile ilikuwa Jumamosi na sikukuu, kwa hiyo mnunuzi makini atautazama muhuri kwa jicho kali. Piga picha ya karibu ambayo kila herufi na kila tarakimu inasomeka. Mwisho mulika bahasha gizani kwa kurunzi ya zambarau, ile ya kukagulia noti. Kurunzi hiyo huonyesha gundi mpya, sehemu zilizofutwa, na karatasi isiyofanana na wenzake wa kundi lile.

Bahasha isiyo na saini ya mtu maarufu kwa kawaida huuzwa kwa makumi ya dola. Usivunjike moyo kwa hilo, na usizikate stempu kuziuza peke yake, maana stempu hizo bila bahasha ni za shilingi chache. Tafuta kwa makini kama kuna bahasha iliyoandikiwa jina la baba, au iliyotiwa saini na mhandisi wa kituo. Hiyo iuzwe peke yake, ikiwa na nakala ya kitambulisho chake cha kazi. Zilizobaki, kama ni za mchoro mmoja, msizimwage sokoni zote kwa pamoja. Kumi na mbili zikitokea siku moja zinajishusha bei zenyewe. Uzeni mbili tatu kwa wakati.

Sasa picha ya saini, ambayo ndiyo inayowakosesha usingizi. Ziara ya wanaanga wa Apollo 11 duniani ilianza mwishoni mwa Septemba 1969 ikaisha mapema Novemba, na katika bara letu walifika Kinshasa. Nairobi haikuwa katika ratiba ile. Mama hakusema uongo. Huenda ndivyo alivyoelezwa. Lakini msiandike maelezo hayo kwenye tangazo la kuuza, kwa sababu mnunuzi akiona dai moja la uongo hataamini hata yaliyo ya kweli.

Picha hiyo rasmi, yenye namba S69-31739 katika kumbukumbu za NASA, shirika la anga la Marekani, ilichapishwa kwa wingi mno na ofisi za ubalozi wa Marekani ziligawa picha za namna hiyo bure. Kuna uwezekano wa aina nne. Wa kwanza, saini zilichapwa pamoja na picha: chini ya lenzi utaona nukta ndogondogo za rangi zikiunda mstari, kama zilivyo nyuso zao. Huo ni ukumbusho tu. Wa pili, saini zilitiwa na mashine. NASA ilitumia mkono wa mashine unaofuata kiolezo, kwa kuwa barua za mashabiki zilikuwa nyingi mno. Mstari wake una unene uleule mwanzo hadi mwisho, unaanza na kuisha ghafla kwa nukta, na mara nyingine una mtetemeko mdogo pale ambapo mkono wa mtu ungepita kwa kasi. Wa tatu, karani aliwasainia. Wa nne, ni zao kweli.

Namna ya kutenganisha aina ya pili na ya nne ni kulinganisha. Skani saini kwa kiwango cha nukta 600 kwa inchi, kisha weka juu yake picha ya saini za mashine zinazojulikana, kwa ukubwa uleule. Mtu hawezi kusaini mara mbili sawasawa kabisa. Saini yenu ikikaa juu ya nyingine bila kupotea hata nywele, ni ya mashine. Kwa Neil Armstrong, mmoja wa watatu hao, muwe wakali zaidi, maana aliacha kusainia watu mwaka 1994, bei yake ikapanda, na walaghai wakafuata bei. Jihadharini pia na saini tatu zenye wino mmoja, ukubwa mmoja na mkao mmoja.

Shilingi milioni tatu ni chambo cha dalali. Picha halali ya watatu hao husimama kwenye maelfu kadhaa ya dola, kutegemea hali yake. Ya mashine ni makumi ya dola. Msilipe kampuni ya kuthibitisha saini kabla ya kufanya ukaguzi huu wa nyumbani, kwa sababu ada hutozwa hata jibu likiwa hapana. Ikipita majaribio yote, hapo ndipo mtafute mthibitishaji anayeshughulikia wanaanga pekee. Cheti cha duka kinachosema "halisi" bila kueleza sababu hakina kazi.

Picha ya dunia nzima inaweza kuwashangaza. Kama Afrika inaonekana karibu yote, na chini kuna barafu ya Antaktika, hiyo ni picha ya Apollo 17 iliyopigwa tarehe 7 Desemba 1972 kutoka umbali wa karibu kilomita 29,000. Namba yake ni AS17-148-22727. Tazama ukingo mweupe wa juu: nakala za wakati ule zilizotoka NASA mara nyingi zina namba hiyo kwa wino mwekundu. Igeuze. Maneno "A Kodak Paper" yakiwa yamerudiwarudiwa kwa rangi hafifu mgongoni, mna nakala ya zamani, na nakala kama hizo za picha maarufu huuzwa kwa mamia ya dola, na zikiwa safi hupanda zaidi. Mgongo mweupe mtupu wa plastiki inayong'aa huashiria nakala ya karibuni au bango.

Nembo za kitambaa sitazungumzia sana. Zilizodariziwa kwa uzi huuzwa hadi leo kwa dola chache, na za zamani ni vigumu kuzitenganisha na mpya. Kagua jambo moja tu: kama kuna nembo ambayo haikudariziwa bali imechapwa juu ya kitambaa cheupe, laini, kinachoteleza, hiyo inaweza kuwa kitambaa cha beta, yaani nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon. NASA ilikigeukia baada ya moto wa Apollo 1 wa tarehe 27 Januari 1967 kuwaua wanaanga watatu. Msikifue, msikikunje, na msijaribu kukichoma ili mhakikishe.

Kichupa cha vumbi kiondoeni kabisa kwenye orodha ya kuuza. Kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa na Apollo ni mali ya serikali ya Marekani, na zile punje zilizogawiwa mataifa ni mali ya mataifa hayo. Mwaka 1998 jiwe lililogawiwa Honduras, lenye uzito wa zaidi kidogo ya gramu moja, mtu mmoja alitaka kuliuza kwa dola milioni tano. Wapelelezi wa Marekani walijifanya wanunuzi na kulichukua. Mfano wa vumbi halali la mwezini lililowahi kuuzwa mnadani ni punje za chombo cha Kisovieti cha Luna 16, zilizokuwa mikononi mwa familia ya mhandisi Sergei Korolev: dola 442,500 mwaka 1993, na dola 855,000 zilipouzwa tena mwaka 2018. Zilikuwa na hati za serikali. Chenu hakina, na yaelekea sana kuwa ni majivu ya volkano au saruji aliyopewa mzee kwa utani wa kazini. Kihifadhini kama kumbukumbu ya familia, na msiandike popote kwamba mnauza vumbi la mwezini, hata kwa maneno ya "inasemekana".

Chuma kinahitaji tahadhari ya aina mbili. Ya kwanza ni usalama: roketi za Scout zilitumia fueli kavu, viwashio na bolti za baruti. Msikitoboe, msikipashe moto, msikigonge. Kama kina shimo lililozibwa, nyaya zinazotoka, au unga wa rangi ya hudhurungi uliogandamana, kiacheni mahali kilipo na muwaite polisi, waje na wataalamu wao wa vilipuzi. Kama kina tabaka la nyuzi au kitu kinachomeguka kama mkaa, msivute pumzi karibu nacho. Kifungeni ndani ya mfuko imara.

Ya pili ni umiliki. Chini ya Mkataba wa Anga wa 1967, kitu kilichorushwa angani hubaki mali ya mwenyewe hata kikirudi kuanguka shambani kwa mtu. Mnakumbuka pete ya chuma ya karibu kilo 500 iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikwenda kuichukua, na mwanakijiji hakuwa na haki ya kuiuza kama chuma chakavu. Chuma cha mzee huenda hakikuwahi kuruka, lakini swali ni lilelile: alipewa na nani? Pekueni zile barua za Kiitaliano. Mstari mmoja unaosema amepewa ukumbusho huo alipostaafu unatosha kukifanya kiuzike. Sheria ya Marekani ya 2012 iliyowathibitishia wanaanga umiliki wa vitu walivyobaki navyo inawahusu wanaanga wa enzi ya miradi ya Mercury hadi Apollo. Haimkingi mfanyakazi wa ardhini. Msipopata hati, pigeni picha ya namba, mwandikie Shirika la Anga za Juu la Kenya mkiuliza, na mkiweke hadi wajibu.

Ili muone karatasi zinavyotawala soko hili: mfuko uliotumika kubebea sampuli za Apollo 11 uliuzwa kimakosa katika mnada wa serikali ya Marekani mwaka 2015, na mwanasheria mmoja wa Illinois akaununua kwa dola 995. NASA ilipojaribu kuuzuia, mahakama ilisema ameununua kihalali. Julai 2017 uliuzwa katika mnada wa Sotheby's kwa dola milioni 1.8. Bila risiti ile ya dola 995 asingekuwa na mguu wa kusimamia mahakamani.

Kwa hiyo kabla ya kuuza hata bahasha moja, malizeni mirathi. Vitu hivi ni mali ya marehemu, na mmoja wenu akiuza kabla ya kuruhusiwa, sheria ya urithi inamhesabu kuwa ameingilia mali isiyo yake. Kama mzee alikuwa Mwislamu, Mahakama ya Kadhi ya Malindi au ya Nairobi itawaongoza. La sivyo, wakili awaombee barua za usimamizi. Orodha ya sanduku iwe sehemu ya mali iliyotajwa. Kisha nyote mtie saini karatasi ya kukubaliana nani atauza na fedha zigawanywe vipi.

Halafu mama aape. Mwende kwa wakili, aandikiwe hati ya kiapo yenye mambo anayoyajua mwenyewe tu: mumewe aliajiriwa mwaka gani, kazi gani, sanduku lilikaa wapi, lilifunguliwa lini na mbele ya nani. Habari za Nairobi na wanaanga zisiingie humo. Ambatisheni nakala za kitambulisho, kadi ya NSSF, hati za mshahara zikipatikana, na picha za jukwaani. Nyuma ya nakala za picha hizo, si za asili, andikeni majina ya wanaume mnaowatambua. Fanyeni hivyo mwezi huu, mama akiwa na kumbukumbu zake na wazee wenzake wa Ngomeni wakiwa hai. Seti moja ya nakala ipelekeni Jumba la Makumbusho la Malindi. Na kama kati ya barua kuna yoyote yenye kichwa cha wizara au idara ya serikali yetu, iulizieni kwanza Kumbukumbu za Kitaifa pale Moi Avenue kabla ya kuitoa nchini.

Wakati mkisubiri, sanduku la bati lisiendelee kutumika. Bati la pwani limebeba chumvi na kutu. Nunueni mifuko ya plastiki ya poliesta, ile inayolia kama karatasi ikishikwa. Albamu za plastiki laini inayonuka zina PVC ambayo hutoa mvuke na kugandamana na picha. Kila kitu kwenye mfuko wake, kipande cha kadibodi isiyo na asidi nyuma, vyote vilazwe ndani ya katoni safi kabatini, mbali na ukuta wa nje, jikoni na dirisha. Jua la Nairobi hufifisha wino wa kalamu ya felti ndani ya miezi michache. Wekeni vijaluba vya jeli ya silika na mvikaushe vikibadilika rangi. Nafthalini ya kufukuzia nondo isitiwe. Mkikuta negativu zenye harufu ya siki, zitengeni siku hiyohiyo, kwa maana zimeanza kuoza na harufu hiyo huambukiza nyingine. Hakuna selotepu, stepla wala kalamu ya wino kugusa kitu cha asili.

Kuhusu soko: bahasha na nembo mnaweza kuziuza wenyewe mtandaoni. Picha ya dunia, na ile ya saini ikithibitishwa, pamoja na mafungu ya karatasi za mzee, zipelekeni kwa nyumba za mnada zenye vikao maalumu vya anga, kama RR Auction ya Boston au Heritage Auctions ya Dallas. Watumieni picha za mbele, za nyuma na za pembeni, zikiwa na rula kando, pamoja na nakala ya kiapo. Tathmini ya awali kwa picha haihitaji mtume kitu. Wakijibu, ulizeni kwa maandishi ada ya muuzaji ni asilimia ngapi, kama kuna malipo ya upigaji picha au bima, kama bei ya chini isiyopungua itawekwa, na kisipouzwa nani atalipia kukirudisha. Mnunuzi naye hulipa ada yake, mara nyingi karibu asilimia 25 juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, na fedha hiyo haiwafikii ninyi. Tuseme picha imegongwa nyundo kwa dola 400, ada yenu ni asilimia 15, na usafirishaji ulikuwa dola 50: mkononi mtabaki na dola 290. Ndiyo sababu bahasha ya dola 20 haifai kupelekwa mnadani.

Mkiuza wenyewe, fedha itangulie. Ujumbe wa M-Pesa usiuamini. Tazama salio lako mwenyewe, kwa maana ujumbe wa kughushi ni rahisi mno. Kwa PayPal, mnunuzi anaweza kufungua malalamiko hadi siku 180, hivyo hifadhini risiti ya posta, namba ya kufuatilia, na video fupi isiyokatwa mkifunga kifurushi. Bahasha iwe ndani ya poliesta, katikati ya kadibodi mbili ngumu zinazozidi ukubwa wake kwa sentimita mbili kila upande, mzifunge pamoja, kisha ndani ya plastiki dhidi ya mvua. Tumieni EMS ya Posta au kampuni ya vifurushi yenye bima. Kwenye fomu ya forodha andikeni kitu chenyewe na bei halisi. Mnunuzi atawaomba muandike dola kumi ili akwepe kodi kwao. Msikubali, kwa sababu kifurushi kikipotea bima italipa dola kumi zilezile mlizoandika.